Pawa Saplai Niliyoipima kwa Kiganja

Nilimkosea mke wangu, tena mbele za watu. Nalisema mwanzo kabisa ili msifike katikati mkaanza kunitafutia sababu. Sababu sina. Nilikuwa na majivuno, basi.

Mimi ni mnunuzi mdogo wa dhahabu hapa Nyarugusu, wale mnaotuita mabroka. Jina langu halitawasaidia kitu. Niiteni Baba Kulwa na mke wangu Mama Kulwa, na hayo nayo nimeyabadilisha, maana watu wa huku wanasoma mitandaoni kuliko mnavyodhani.

Kazi ya broka ni mkono. Mizani ipo, ndiyo, lakini kabla ya mizani mtu anakuwekea kipande kiganjani, unakiinuainua kidogo, na mkono unakwambia. Shaba inaelea. Dhahabu inalala. Wachimbaji walikuwa wanasema mkono wangu haudanganyiki, na mimi, punda mzima, nikawaamini. Nikaanza kupima kila kitu kwa kiganja: viatu, redio, sufuria, simu. Kitu chepesi kwangu kilikuwa utapeli, kitu kizito kilikuwa mali. Mtu akiniletea maelezo nilikuwa namwangalia kama mgonjwa. Maelezo ya nini na mkono upo?

Mama Kulwa yeye anapiga video. Harusi, komunyo ya kwanza, hata misiba. Kamera aliinunua kwa hela ya kikoba chake, mimi sikutoa hata shilingi ya betri. Shida yake ilikuwa kuhariri. Alikuwa anakwenda Katoro kwenye studio ya mtu, anakaa kwenye benchi mpaka mwenye studio amalize kazi zake zote, ndipo apewe kiti. Huku wenye harusi wanampigia simu, mama video iko wapi, mama mbona kimya.

Basi akaamua kujiundia kompyuta yake. Zile zilizo tayari zilimshinda bei, kwa hiyo angenunua kipande kimoja kimoja, vingine vya mtumba, afunge mwenyewe hapa nyumbani. Alijifunza kwenye simu kwa miezi. Anasonga ugali, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, jamaa humo ndani anaelezea namna ya kupachika prosesa. Nilikuwa namcheka mpaka machozi. Nilimwuliza kama akimaliza hiyo anaanza kutengeneza ndege.

Alikuwa anajua anachofanya, na hela yake ndogo alikuwa ameipangia kila kona. Kasha, alisema, liwe lolote, hata bati lililobonyea, kwa sababu kasha halifanyi kazi yoyote zaidi ya kukaa. Prosesa iwe ya mtumba, ile inayotoa picha yenyewe, ili tusihangaike na kadi ya picha. Ramu kiasi, nyingine angeongeza baadaye. Lakini vitu viwili hakutaka vibanwe. Cha kwanza ni pawa saplai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kipande humo ndani. Alinitajia kampuni yake mpaka nikaikariri. Cha pili ni diski mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kopi, maana harusi ikishapita haipigwi tena.

Mimi nilikuwa nakwenda Mwanza kwa shughuli zangu. Akanikabidhi hela, akanishika mkono wa shati kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

"Baba Kulwa, ukikosa pawa saplai niliyokutajia, rudi na hela. Mimi nitasubiri."

Kule kushikwa shati kuliniudhi. Mimi! Natumwa na bado naonywa!

Dukani Mwanza walikuwa nayo. Nataka mlielewe hilo vizuri, walikuwa nayo. Muuzaji aliitoa rafuni akaniwekea mezani, boksi jeusi lisilo na mvuto, na bei yake ilikuwa ya kukunja uso. Pembeni yake kulikuwa na nyingine, ina rangi ya dhahabu, maandishi makubwa, namba ya wati imeandikwa kama bango la mkutano wa hadhara, na bei yake ni chini ya nusu. Nikaichukua ile nyeusi mkono wa kushoto, ile ya dhahabu mkono wa kulia.

Ya dhahabu ikalala. Ndugu zangu, ikalala kiganjani vizuri kabisa! Ile nyeusi nikaiona karatasi.

Nikamcheka muuzaji. Nikamwambia ninyi watu wa mjini mnauza majina, mimi nanunua uzito. Akanitazama kidogo, akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akainamisha kichwa kwa heshima na kusema mtu wa dhahabu hafundishwi. Nilivimba pale kaunta kama andazi kwenye mafuta. Mtu anakutapeli huku anakusifia, na wewe unatafuta namna ya kumshukuru.

Sasa hela ikawa imebaki. Mwanaume mwenye akili angenunua ile diski ya pili. Mimi nikageuka nikaliona kasha la kioo, lina feni tatu zinazowaka rangi nyekundu, bluu na kijani kwa zamu. Lilinipendeza. Nikaona Mama Kulwa amekosea kudharau kasha, kwani mgeni akiingia anaona nini, anaona diski? Nikalinunua, na diski ya pili nikaiacha rafuni. Nilijiambia diski mbili ni woga wa kike tu.

Nyumbani nilisema uongo wangu wa kwanza, na ulitoka laini kama uji. Nikasema ile pawa saplai imeisha, na hii ndiyo wanayoiuza badala yake, ubora ule ule. Nikasema diski zimebaki moja tu nchi nzima. Kasha nikasema nimeongezewa kwa sababu ni mteja mzuri.

Aliisoma ile karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai kwa muda mrefu. Akaniomba niirudishe safari ijayo. Hapo nikapandisha hasira. Nikamwambia mimi nalisha nyumba hii kwa mkono huu, nanunua dhahabu kwa mkono huu, leo unifundishe boksi la umeme? Nikagonga meza. Akaiweka chini, akachukua bisibisi, akaanza kufunga.

Alifunga vizuri, sina la kusema. Iliwaka mara ya kwanza. Na kwa kuwa jirani yetu ana karasha la kusaga mawe, na likianza kuzunguka taa za mtaa mzima zinafifia, Mama Kulwa aliing'oa stabilaiza ya friji akaifunga kwenye kompyuta. Maziwa yagande, alisema, lakini kazi za watu ziwe salama. Ndivyo alivyokuwa mwangalifu.

Na mimi? Mimi nilikuwa naita watu waje kuona taa. Nisikilizeni, naona aibu hata kuandika. Nilikuwa naleta wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye nyusi, nawakalisha kwenye makochi, nawanunulia soda, tunaangalia feni zinabadilisha rangi. Mke wangu anafanya kazi, sisi nyuma yake tunatazama boksi kama watu wanaotazama mpira. Mmoja wao, Msukuma mwenzangu, alimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu, akamwambia mayu mashine hii inatisha. Nikasema nimeichagua mimi. Niliichagua mimi!

Safari iliyofuata ya Mwanza alinikumbusha diski. Nikarudi na kibodi inayowaka taa. Ndiyo, kibodi, kwa mtu ambaye anachoandika ni majina ya maharusi na tarehe. Aliipokea, akashukuru, akaiweka kabatini. Sikuwa hata na akili ya kuona kwamba nimedharauliwa.

Kisha ikaja harusi ya Ushirombo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, familia ya wakulima wenye nafasi, Wakatoliki wa siku nyingi, misa na sherehe siku nzima. Babu wa bibi harusi, mzee aliyekuwa hatoki kitandani, siku hiyo alibebwa kwenye kiti mpaka ukumbini. Alipofika akashikwa mikono huku na huku, akasimama, akambariki mjukuu wake kwa sauti ambayo watu waliokuwa nje waliisikia. Mama Kulwa alirudi nyumbani anasimulia hilo mpaka kwa watoto.

Kadi za kamera alikuwa nazo mbili tu. Jumapili ilikuwa na komunyo ya kwanza hapa hapa, na kadi zilihitajika. Kwa hiyo alihamishia harusi yote kwenye diski, ile diski moja, akafuta kadi. Aliniuliza tena siku hiyo, kwa upole, kama ile ya pili haiwezi kupatikana hata Geita mjini. Nikasema nitaangalia. Sikuangalia.

Haukupita muda babu wa Ushirombo akafariki. Wakapiga simu wakisema wanaingoja video kwa moyo mwingine sasa. Mama Kulwa akaongeza bidii. Mchana mmoja alikuwa amemaliza kuhariri, kompyuta inatoa ile video ya mwisho, feni zinazunguka kwa nguvu, mimi nimekaa nje nakunywa chai. Nikasikia mlio mmoja mkavu. Nilipoingia, chumba kina moshi na harufu ya plastiki iliyoungua, na mke wangu amesimama na waya wa ukutani mkononi, ameshauchomoa.

Diski aliipeleka Geita kwa fundi. Ubao wake ulikuwa umeungua, na fundi akasema hawezi kuahidi kitu. Akajaribu, akashindwa, akamrudishia imefungwa kwenye gazeti.

Alipokuwa Geita, mimi nilibaki nyumbani na ile pawa saplai. Nikaifungua. Nilitaka kuona uzito wangu.

Ndani kulikuwa na kibao kidogo chenye vitu vichache, nafasi tupu ya kutosha, na kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi kwenye sakafu ya boksi. Chuma tu. Hakikuungana na waya wowote, hakikuwa na kazi yoyote, kiliwekwa pale kwa ajili ya mtu kama mimi. Mahali fulani duniani kuna mtu aliyekaa akafikiri: atakuja mjinga atakayeiinuainua, tumwekee kitu. Na mjinga akaja, kapanda basi, kajivika shati la kola.

Nikakibandua kile chuma nikakitupa chooni. Lile boksi nikalitupa kwenye shimo la takataka nikalifunika. Huo ndio ulikuwa uanaume wangu.

Aliporudi nikamwambia ni karasha la jirani limetuharibia umeme. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Stabilaiza ilikuwepo, Baba Kulwa." Hakuuliza boksi limekwenda wapi.

Ikabidi twende Ushirombo kuwaambia. Yeye alitaka kwenda peke yake, mimi nikasema mwanamke hawezi kwenda kusema jambo kama hilo bila mume. Nilijipa na sifa ya hapo pia.

Walitupokea vizuri, wakatuwekea viti, wakatuletea maji ya kunawa na chakula kabla hata hatujasema. Mama Kulwa akapiga goti, akawaamkia wazee, akaeleza kwamba mashine imeungua na harusi imepotea. Alisema hivyo tu, imepotea, hakumtaja mtu. Mama wa bibi harusi akamwuliza kama hakuna hata kipande.

"Sitaki harusi yote," alisema. "Nipe pale baba yangu anaposimama. Hapo tu."

Mama Kulwa akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti.

Sasa hapo kwenye viti alikuwepo mjomba wa bibi harusi. Mimi nilimwona tangu tunaingia, na namfahamu. Ana duara lake Rwamgasa, shimo lenye mawe mazuri, na dhahabu yake ananiuzia mimi. Ananiuzia kwa sababu ya mkono. Alikuwa ameshawahi kuja kwangu kunywa soda na kuangalia taa. Akanigeukia, wala hakuwa na ubaya, akauliza tu kama mtu anayetaka kuelewa.

"Baba Kulwa, si ile mashine uliyoichagua wewe? Imekuwaje?"

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na jibu la kweli, na lilikuwa fupi: nilidanganywa na kipande cha chuma, na diski ya kopi niliacha kuinunua ili ninunue taa. Lakini niliona mbali zaidi. Niliona yule mjomba akirudi Rwamgasa na kuwaambia wenzake kwamba mkono wa broka wenu umeuziwa chuma. Nani angeniwekea dhahabu kiganjani tena?

Nikasema mashine ilikuwa nzima. Nikasema, "Tatizo mke wangu hakutunza kopi."

Nililisema nikiwa nimekaa, miguu nimeinyoosha. Mama Kulwa alikuwa bado amepiga goti.

Hakunigeukia. Alimtazama mama wa bibi harusi, akasema, "Ni kweli, mama. Kopi haikuwepo. Nisameheni."

Wakamsamehe. Walimwinua, wakampa na kuku wa njiani. Lakini kusamehewa na kuitwa tena ni vitu viwili. Habari zilitangulia kabla yetu, Ushirombo mpaka Katoro, kwamba kuna mama wa video Nyarugusu anapoteza harusi za watu. Harusi mbili alizokuwa ameshaahidiwa zikamponyoka. Komunyo zilizofuata wakampa mtu mwingine. Leo anapiga picha kwa ajili ya ile ile studio ya Katoro, kamera ni yake, mgongo ni wake, na video inatoka na jina la mwenye studio. Amerudi kwenye benchi.

Na mkono wangu unasifiwa mpaka leo! Yule mjomba bado ananiuzia. Juzi kanipa kipande nikakipima kiganjani mbele ya watu, wakanyamaza kunisubiri kama padri.

Mnaweza kudhani nyumbani kuna vita. Hakuna. Napewa chakula, nafuliwa, napokelewa mzigo nikirudi. Ila haniulizi kitu tena. Haniulizi bei, haniulizi njia, haniagizi hata chumvi nikiwa nakwenda dukani. Anatuma mtoto.

Ameanza kuunda kompyuta nyingine. Vipande vinakuja na basi, kimoja baada ya muda mrefu, vimefungwa kwenye maboksi madogo, na vinapokelewa na yeye mwenyewe stendi. Kasha amelipata kwa fundi wa Katoro, bati la kijivu limebonyea upande mmoja. Lile la kioo anahifadhia nguo za watoto. Pawa saplai ilikuja kabla ya vyote, ile nyeusi. Diski mbili zipo mezani, hazijafunguliwa. Mimi hupita pale kama mgeni.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja wa mtaani, mwalimu, anataka naye kujiundia kompyuta ndogo ya kuchapa mitihani, akawa anaelezwa na Mama Kulwa aanze na nini. Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye kochi. Yule dada, kwa wema tu, akasema mbona Baba Kulwa anakwenda Mwanza kila mara, si amtume yeye amletee?

Mama Kulwa hakuinua macho kutoka kwenye bisibisi. "Mwache Baba Kulwa," alisema. "Wewe unataka ya kufanyia kazi."

Yule dada alicheka akidhani ni utani wa wanandoa. Mimi nilitoka nje.

Sasa ninyi wanaume wenzangu wenye mikono, wenye macho, wenye pua, wenye uzoefu, mnaoingia dukani na hela ya mtu mwingine na kichwa chenu wenyewe, nisikieni. Ukitumwa kitu kibaya kwa sura, nunua hicho hicho. Taa hazijawahi kuhariri harusi ya mtu. Aliyekutuma alikaa na hesabu zake usiku na mchana, wewe umekaa dakika moja kaunta unasifiwa na muuzaji. Hujui! Kubali hujui, haiui.

Na ukishaharibu, sema ni mimi, hapo hapo, watu wakiwa bado kwenye viti na mkeo akiwa bado amepiga goti. Usijidanganye kwamba utamwambia baadaye mkiwa wawili. Mimi maneno ninayo sasa, nimeyapanga vizuri, habari ya chuma, ya diski, ya yote. Lakini kila nikikaa mbele yake nikafungua mdomo, Mama Kulwa ananitazama kwa adabu zote na kuniuliza kama nataka chai.